Mkono au Bastola? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kasi Mashindanoni

Maswali haya nayasikia karibu kila Jumamosi nikiwa nimeshika taima nyuma ya mpigaji. Wengi wanaouliza wameshanunua kitu, au wako njiani kukinunua. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya watu wenye hali zao za pekee. Swali linapogusa jingine, nimeonyesha namba yake.

## Misingi

1. Mashindano ya kasi ya bastola ni yapi hasa?

Yako ya aina nyingi. Yanayojulikana zaidi ni ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa Mei 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani, chini ya mwalimu wa bastola Jeff Cooper. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini, *Diligentia, Vis, Celeritas*: usahihi, nguvu, kasi. Mpigaji anazunguka kwenye steji, yaani kituo chenye shabaha zilizopangwa, anapiga shabaha za karatasi na za chuma, anabadilisha magazini (kasha la risasi) akitembea, na alama zake zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Hapa kwetu Kenya yapo pia. Waliofika uwanja wa Kirigiti, Kiambu, wanajua mlio wa taima unavyofanya moyo uruke.

Kuna Steel Challenge, iliyoanza California mwaka 1981: sahani tano za chuma kila steji, hesabu ni muda mtupu, na sahani uliyoikosa inakuongezea sekunde 3. Halafu kuna bastola ya kasi ya Olimpiki ya mita 25, ambapo unapiga shabaha tano kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4.

2. Kwa hiyo kinachoshinda ni mkono au bastola?

Mkono, tena kwa umbali mkubwa.

Tazama mfumo wa madaraja wa USPSA, tawi la IPSC la Marekani. Mpigaji anapimwa kwa asilimia ya kiwango cha juu kilichowekwa kwenye steji zinazojulikana: 95 kwenda juu ni Grand Master, 85 ni Master, 75 ni A, 60 ni B, 40 ni C, chini ya hapo ni D. Kila aina ya bastola ina kiwango chake. Mtu wa D akinunua bastola ya Open, aina inayoruhusu karibu kila kifaa, yenye doti (nukta ya kulengea kwenye kioo) na kompensata (kifaa cha mdomoni mwa mtutu, swali la 10), anapimwa na watu wenye bastola kama hiyohiyo. Sekunde zake zitapungua kidogo, daraja litabaki D. Watu wanasahau jambo hili wakiwa dukani.

Historia nayo inasema hivyohivyo. Miaka ya 1950, Cooper aliandaa mashindano ya kuchomoa bastola huko Big Bear Lake, California. Wengi walikuwa wakipiga kwa mkono mmoja kutoka kiunoni, haraka sana, risasi zikienda zinakojua zenyewe. Naibu sherifu wa Los Angeles, Jack Weaver, akaja na rivolva, akaishika kwa mikono miwili, akaiinua hadi usawa wa jicho, akashinda mwaka 1959. Alichobadilisha ni namna ya kushika na kutazama. Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa anashika kwa mikono miwili.

3. Kasi inapimwaje?

Kwa taima ya kielektroniki. Inalia, unaanza, na kinasa sauti chake kinasikia kila mlio wa risasi. Ukimaliza inakuonyesha muda wa risasi ya kwanza, mwanya kati ya kila risasi na iliyofuata, na jumla. Kama huna taima hujui ulipo. Nimeona watu waliojihisi wepesi kama radi wakisoma 3.10 kwenye kioo na kudai betri imekwisha.

4. Muda wangu unapotelea wapi?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo tulifanyie hesabu ya kweli.

Chukua zoezi la El Presidente alilobuni Cooper: shabaha tatu umbali wa yadi 10, umezipa mgongo, mikono juu. Taima ikilia unageuka, unachomoa, unapiga mbili kila shabaha, unabadilisha magazini, unapiga mbili tena kila shabaha. Risasi 12. Mpigaji wa kati, mtu anayefanya mazoezi siku moja moja, hutoka hivi:

Kugeuka na risasi ya kwanza, 2.2. Mwanya ndani ya kila jozi ni 0.30, na jozi ni sita, kwa hiyo 1.8. Kuhama kutoka shabaha hadi shabaha ni mara nne kwa 0.5, yaani 2.0. Kubadilisha magazini hadi risasi inayofuata, 2.3. Jumla 8.3.

Sasa mpe bastola ghali isiyopiga teke, yaani isiyoruka sana mkononi risasi ikitoka. Mianya ya jozi inashuka kutoka 0.30 hadi 0.20. Ameokoa 0.6. Si haba. Lakini akijifunza kubadilisha magazini kwa 1.5 anaokoa 0.8 bila kununua chochote. Kuhama kwa 0.35 badala ya 0.5 kunampa 0.6 nyingine. Kugeuka na kuchomoa kwa 1.6 kunampa 0.6. Sekunde mbili nzima zimo mikononi na machoni mwake, na bastola ni ileile.

Cooper alipoliweka zoezi hili, sekunde 10 zilihesabiwa kuwa kazi nzuri. Leo mabingwa wanamaliza chini ya 5.

## Mkono na jicho

5. Nifanyeje kidole changu kiwe cha haraka?

Kidole chako ni cha haraka tayari. Gonga meza kwa kidole cha shahada uwezavyo: hata mtu ambaye hajawahi kushika bastola anakaribia mara tano kwa sekunde. Kidole kinangoja jicho lione.

Walioonyesha mwisho wa kidole cha binadamu walitumia rivolva. Mwaka 1932 Ed McGivern, Mmarekani wa Montana, alipiga risasi tano kwa sehemu 9 za 20 za sekunde, na matundu yake yaliweza kufunikwa kwa kiganja. Mwaka 1999 Jerry Miculek alipiga nane kwa sekunde moja kamili. Mwaka huohuo alipiga sita, akajaza rivolva, akapiga sita tena, yote kwa sekunde 2.99. Triga ya rivolva ni ndefu na nzito kuliko triga yoyote unayotaka kuibadilisha kwenye bastola yako.

Kwa hiyo acha kukisumbua kidole. Fundisha jicho lifike kwenye shabaha inayofuata kabla ya bastola. Risasi ikitoka, jicho liwe limeshahama, tena likiwa limekodolea doa dogo katikati ya karatasi. Ukitazama karatasi nzima, bastola nayo itazurura kwenye karatasi nzima.

6. Mshiko unachangia nini kwenye kasi?

Unachangia zaidi ya kompensata kwa watu wengi. Bastola ikipiga teke, swali si imepanda kiasi gani. Ni je, imerudi palepale yenyewe? Mshiko mzuri unairudisha bila wewe kuitafuta. Mkono wa kulia uwe juu kabisa nyuma ya mpini. Kiganja cha kushoto kijaze ule upande ulio wazi, vidole vyake vibane vya kulia chini ya ulinzi wa triga. Mkono wa kushoto ubane zaidi ya wa kulia, maana kidole cha kulia kina kazi ya triga na kiganja kilichokakamaa kinakizuia.

Kuna dalili rahisi: ukipiga sita mfululizo na mkono wa kushoto ukateleza, ukaurekebisha katikati, huo ndio muda wako unaomwagika. Tatizo hilo halina dawa dukani, isipokuwa labda chaki ya viganja.

7. Mazoezi bila risasi yanasaidia kweli?

Yanasaidia kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo, kwa sababu bei yake ni sifuri. Kuchomoa, kubadilisha magazini, kuhama shabaha, kuingia kwenye nafasi, yote yanajengwa nyumbani mbele ya ukuta. Uwanjani unaenda kuhakiki, na kujifunza teke.

Usalama kwanza, na hapa sina mzaha. Risasi zote zitoke nje ya chumba. Angalia chemba kwa jicho, kisha kwa kidole, kisha uangalie tena. Ukuta uwe wa mawe au tofali, pasiwe na mtu nyuma yake. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, uifungie bastola. Usirudi kufanya "moja ya mwisho". Ajali nyingi za mazoezi ya namna hii hutokea kwenye hiyo moja ya mwisho, baada ya bastola kujazwa tena.

Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Weka taima ilie mara mbili: mlio wa kwanza anza, mlio wa pili uwe umeshafika kwenye kilengeo. Anza na 2.0, punguza kidogo kidogo. Ukiona unadanganya mshiko ili uwahi, rudi nyuma.

8. Niende kasi kwanza au niwe sahihi kwanza?

Vyote, kwa siku tofauti. Siku moja piga kwa mwendo ambao hukosi. Siku nyingine jisukume hadi ukose, uone ni kitu gani kinavunjika kwanza: ni mshiko, ni jicho, ni kidole kinachovuta kabla ya kilengeo kufika? Mpigaji asiyekosa kamwe mazoezini hajui mpaka wake. Siku ya mashindano sahau kasi kabisa, piga unachokiona. Gharama ya kukosa iko swali la 13.

## Vifaa

9. Doti nyekundu inaongeza kasi?

Inaongeza, baada ya muda. Doug Koenig aliithibitishia dunia mwaka 1990 huko Adelaide, Australia, alipokuwa wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa IPSC kwa bastola yenye doti. Faida yake ni kwamba jicho linabaki kwenye shabaha. Kwa vilengeo vya chuma unalazimika kuchagua kipi kionekane wazi, cha mbele au shabaha.

Kwa mwanzo, lakini, doti inapunguza kasi. Kijana mmoja alikuja na bastola mpya yenye doti, akijua imemmalizia shida. Nikaweka taima. Risasi ya kwanza, yadi 7, sekunde 2.71. Nilimwona kabisa: bastola ilifika usoni, kisha ikaanza kucheza, juu, chini, kushoto, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Doti ilikuwa nje ya kioo. Vilengeo vya chuma vinakusamehe kidogo, kwa kuwa unaona vimepinda upande gani. Doti ama ipo ama haipo.

Hatukununua kitu. Nilimbandikia karatasi ya gundi mbele ya kioo, ili asiweze kuona shabaha kupitia kioo. Macho yote mawili wazi, jicho moja linaona doti, jingine linaona shabaha, ubongo unaviunganisha. Akaenda kuchomoa nyumbani mbele ya ukuta. Baada ya wiki sita alisoma 1.58. Doti yake ni ileile.

10. Kompensata je?

Kompensata inaelekeza gesi juu ili mtutu usipande. Inafanya kazi, na inapenda risasi yenye gesi nyingi. Ndiyo sababu mojawapo ya wapigaji Wamarekani Rob Leatham na Brian Enos kuhamia risasi ya .38 Super mapema miaka ya 1980. Lakini hao wawili ndio pia waliosambaza msimamo wa mikono miwili iliyonyooka sawa mbele, unaotumiwa leo na karibu kila mtu. Risasi yao ilibaki katika aina chache za bastola. Msimamo wao ulienea kote.

Kama mshiko wako unateleza (swali la 6), kompensata itakufichia tatizo usilione.

11. Nibadilishe triga iwe nyepesi?

Si katika mwaka wa kwanza. Triga nyepesi mkononi mwa mtu asiyedhibiti kidole ni njia fupi ya kuondolewa mashindanoni. Risasi ikitoka bila kukusudiwa wakati unabadilisha magazini au unatembea, siku yako imekwisha, na ni haki iwe hivyo. Sheria za IPSC za Production, yaani bastola za kawaida za kiwandani, zenyewe zinadai uzito wa chini wa triga.

Kinachosaidia kweli ni triga isiyokwaruza na inayorudi vizuri. Fundi mzuri anaweza kuisafisha bila kuishusha uzito.

12. Bastola nzito ni bora?

Kwa teke, ndiyo. CZ Shadow 2 ya chuma ina gramu 1,330 bila risasi. Glock 17 iko karibu na 630. Uzito ule unatuliza mtutu. Hata hivyo Dave Sevigny alibeba mataji ya taifa Marekani kwa Glock. Bastola nyepesi inaanza haraka na kusimama haraka unapohama shabaha. Nzito inataka kupitiliza. Chagua inayoingia mkononi mwako vizuri, kidole kikifika kwenye triga bila kupinda mshiko.

13. Alama na nguvu ya risasi vinaingiaje kwenye kasi?

Kwenye IPSC alama zako zinagawanywa kwa muda. Katikati ya karatasi, A, ni 5 kwa wote. C, eneo linaloizunguka, ni 4 kwa risasi yenye nguvu ya Major (kubwa) na 3 kwa Minor (ndogo). D, ya pembeni, ni 2 na 1. Kukosa ni kutoa 10. Nguvu ni uzito wa risasi kwa greni mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 ina 130, ambayo ni Minor. Ikishuka chini ya 125, siku nzima yako haihesabiwi, kwa hiyo msijaze risasi laini mno mkitafuta teke dogo.

Turudi kwenye sekunde 8.3 za swali la 4. Risasi 12 zote A ni alama 60, gawanya kwa 8.3, unapata 7.23. Kosa moja tu: unapoteza 5 na kutolewa 10, unabaki na 45, yaani 5.42. Ni sawa na kupiga zote A kwa sekunde 11. Risasi moja imekula karibu sekunde 2.8. Hakuna kifaa duniani kitakachokurudishia sekunde 2.8 kwenye zoezi hili.

Na Major? Mpigaji mwenye A nane na C nne anapata 56 kwa Major, 52 kwa Minor. Wa Minor lazima aende karibu sekunde 0.6 haraka zaidi ili walingane. Mwenye A zote 12 hana tofauti yoyote. Risasi nzito inamsaidia anayetawanya.

14. Nina pesa kidogo. Ninunue nini kwanza?

Kinga ya macho na masikio. Mkanda mgumu usiopinda na mkoba wa bastola unaoishika vizuri bila kubana. Magazini nne au tano nzuri pamoja na mifuko yake. Taima. Halafu risasi, risasi, risasi. Siku moja na mwalimu anayejua kukutazama mikono, badala ya kutazama shabaha tu, inazidi thamani ya triga mpya.

Nataka kusisitiza magazini. Magazini mbovu inaleta kukwama, na kukwama kunakula sekunde 3 au zaidi kila mara. Ziandike namba kwa kalamu ya wino mzito. Inayokwama mara mbili inabaki ya mazoezi.

## Hali za pekee

15. Mbona mwenzangu alibadilisha bastola akapanda ghafla?

Hutokea, na sikatai. Mara nyingi ni moja kati ya mambo matatu. Bastola ya kwanza haikumtosha mkono. Au ilikuwa inakwama, na hofu ya kukwama ikamfanya apige kwa kusita. Au macho: ukipita miaka 40 hivi kilengeo cha mbele kinaanza kuwa ukungu, na doti inakurudishia ulichopoteza. Katika hali hizo nunua bila kujilaumu.

Kuna la nne: amenunua kitu kipya, akafurahi, akafanya mazoezi kila siku kwa miezi miwili. Muulize.

16. Bingwa akibadilisha aina ya bastola, anaanza upya?

Hapana. Éric Grauffel wa Ufaransa alishinda ubingwa wa dunia wa Open mwaka 1999 huko Ufilipino, akaendelea kuushinda mara baada ya mara, kisha akaja kuushinda pia nje ya Open. Vifaa vilibadilika, miguu, macho na mpango wake wa steji alivihamisha navyo.

17. Mkono wangu wa kulia umeumia. Je, niache?

Károly Takács alikuwa sajini wa jeshi la Hungaria. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia kwenye mkono wa kulia, mkono aliopigia. Akajifunza kwa kushoto. London, mwaka 1948, alishinda dhahabu ya bastola ya kasi kwa alama 580, rekodi ya dunia wakati huo. Helsinki, mwaka 1952, akashinda tena.

Kwa upande wa vifaa utahitaji mkoba wa kushoto na kitufe cha magazini kinachohamishika. Bastola nyingi za kisasa wanakigeuza kwa dakika chache. Jicho tawala linaweza kubaki la kulia, na hilo si tatizo: sogeza bastola kidogo mbele ya jicho hilo, usipinde shingo. Kubadilisha magazini ndiko kutakakokuchelewesha zaidi, kwa sababu mkono uliozoea kushika sasa unaleta. Anza mbele ya ukuta kama swali la 7, na magazini tupu, polepole kabisa, mkiwa wawili: mmoja anachomoa, mwingine anatazama kidole kisiguse triga kabla ya wakati.